Maji Yasiyoonjwa

Alhamisi, 6 juni

Mademoiselle Rosette, anayeongoza kikundi chetu, amesema tuandike. Kila mama wa kikundi amepewa kayé ya kuandikia na kalamu ya biki. Alitaka tuandike Kifaransa, juu wakubwa wake wanasoma Kifaransa. Nikamwambia: nafundisha Kifaransa watoto ya quatrième primaire, darasa la nne, tangu asubuhi mpaka midi, sitakaa tena mangaribi nifundishe na pombe yangu Kifaransa. Nitaandika Swahili, na wakubwa wake hawatasoma. Akacheka, akasema, "Ni sawa, maman Emérence. Iko ya kwako."

Basi iko yangu. Mimi ni Emérence, mujane, mwalimu, mama ya Carine. Naishi mtaa wa Nyalukemba, naimba alto katika kwaya ya misa ya pili. Na mimi ni mulevi. Nimeandika hilo neno kwa herufi nzuri, sawa kichwa cha somo ubaoni. Wala si bia ya sikukuu. Ni sapilo, zile chupa ndogo za plastiki za pombe kali zinazoingia ndani ya soutien, kifuani, bila mutu kuona. Nilianza nyuma ya mazishi ya bwana yangu, ili nilale. Halafu ikawa ili niamuke.

Hii centre ya kuacha pombe ilifunguliwa kwa ajili ya vijana wanaorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Luhwindja. Kila picha ukutani ni kijana. Kitabu chao kinasema, "Achana na marafiki wabaya wa ligablo," kile kioski cha pombe. Marafiki gani? Mimi nilikunywa peke yangu, jikoni, nikichagua maharagwe. Sisi wamama tulipofika walitutafutia chumba nyuma ya atelier ya couture, tunapitia mulango wa nyuma, kila mumoja na kipande cha kitambaa mukononi ili wapita njia waseme tunajifunza kushona. Mwamvua, ambaye jamaa yake ni wauza vitambaa kutoka Uvira, ndiye anatuletea hivyo vipande. Kwao ni Waislamu. Anasema kwao ugonjwa huu haupo, kwa hiyo na dawa yake haipo.

Jumapili, 9 juni

Misa. Tuliimba vizuri. Nilikuwa na kiu, nikanywa maji.

Alhamisi, 13 juni

Leo somo lilikuwa namna ya kukataa. Rosette anasimama mbele yako na gilasi, wewe unasema, "Hapana, aksanti," ukimutazama machoni, bila kueleza. Anasema kueleza ni kufungua mulango. Alikulia Kinshasa, amesoma mambo haya vizuri, na ana moyo. Tulifanya kila mutu mara nyingi, mpaka Mwamvua akaanza kukataa gilasi kwa sauti ya imamu. Tulicheka sana.

Halafu Rosette akataka tuhesabu siku tangu tulipoacha. Nimekataa. Nikianza kuhesabu, nitajipa zawadi, na zawadi yangu ni chupa.

Jumatano, 19 juni

Gentil, muchumba wa Carine, amekuja na baba yake mudogo, Papa Barthélemy, ndiye anasimamia mambo ya ndoa upande wao. Dot, sherehe ya kutoa mahari, itafanyika hapa kwetu tarehe kumi na saba ya mwezi wa nane. Gentil ni muuguzi kule Kavumu, kijana mutulivu, akisikiliza anainamisha kichwa. Carine alitoka kazini pale pharmacie, duka la dawa, akikimbia, viatu mukononi. Sijamuona hivi tangu baba yake azikwe. Nilijisikia mama kamili, na nilikuwa sijanywa.

Jumatatu, 24 juni

Vumbi. Robinet ya maji imekauka. Mama mumoja wa shirika, jumuiya yetu ya sala, ameniuliza kama naweza kumushonea uniforme ya kwaya.

Jumatano, 3 julai

Nimerudi Kavumu sasa hivi, sijavua hata viatu.

Jana bibi yake Gentil alikufa, mama ya mama yake. Leo nilipanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Kavumu, nimefunga pagne ya kitenge, nimebeba sukari na mufuko wa maharagwe kama inavyofaa. Uwanja ulijaa. Mama ya Gentil, Adélaïde, anauza vitunguu kando ya barabara ya Goma na kila mutu wa njia ile anamufahamu, kwa hiyo kila mutu alikuwa pale. Nilimukumbatia, tukalia. Nilimupenda pale, nasema kweli. Alilia kama mutu asiyetafuta wa kumutazama.

Halafu akaleta kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, mwenyewe, kwa mikono yake, juu mimi ni mama ya bibi-harusi. Alifanya kama tunavyofanya wote. Hapa kwetu hakuna mutu anakupa cha kunywa bila kuonja yeye kwanza. Anameza ukimutazama, ndipo anakunyoshea. Ni juu ya karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila familia iko na hadithi yake. Mimi mwenyewe nikipokea mugeni naonja chai yake bila kufikiri, sawa vile mutu anafunga mulango. Adélaïde akavuta, akameza, akapangusa murija, akaninyoshea.

Harufu ilinifikia. Nikasema lile neno la somo, nikimutazama machoni, bila kueleza.

"Hapana, aksanti."

Alifikiri sijaona. "Nimeonja, mama Carine."

"Nimeona."

"Basi onja kidogo. Ni ya mama yangu."

"Hapana, mama. Aksanti."

Wanawake waliokuwa karibu waligeuka, halafu na wale wa nyuma yao. Shangazi moja muzee akasema polepole, si kwangu, kwa hewa tu, "Labda anaogopa."

Hapo ndipo niliona nimefanya nini. Nilikuwa nimesema mbele ya maiti ya mama yake kwamba yeye ni muuaji. Ningesema niko kwenye dawa? Kila mutu anayeogopa karuho anasema iko kwenye dawa, hilo neno limechakaa. Ningesema nimeokoka? Walokole hawanywi, ni sawa, lakini mimi ni Mukatoliki wa kwaya, na wengine pale walinicheka nikicheza na bia kichwani siku ya ubatizo wa mutoto ya jirani. Njia moja tu ilikuwa imebaki, kusema kweli, na Carine alikuwa pale, pembeni ya Gentil, anasaidia kubeba viti.

Adélaïde alirudisha kibuyu. Aliangalia ule murija kama mutu ameambiwa iko na uchafu. Sitasahau yale macho.

Alhamisi, 4 julai

Nimemwambia Rosette. Alifunika mudomo kwa mikono yote mbili.

"Maman, nisamehe. Kinshasa ukikataa kinywaji, wanakushukuru na wanakunywa ya kwako."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Sisi kumi na mbili tulizaliwa hapa, tulirudia lile somo pamoja naye, na hakuna aliyenyosha kidole. Mwamvua akasema dawa ni rahisi, nisilimu mpaka dot ipite. Nikamwambia nitafikiri, mradi anishonee na buibui. Tulicheka.

Jumapili, 7 julai

Kwenye shirika niliketi katikati ya benchi. Wengine wote waliketi pembeni.

Ijumaa, 12 julai

Gentil amekuja peke yake. Alikunywa maji yangu baada ya mimi kuonja, akaweka gilasi chini.

"Mama, usinikasirikie. Kule kwetu banasema mingi."

"Sema."

"Baba mudogo Barthélemy anauliza kama hapa munatuona sawa balozi, bantu ya kuloga. Mama hasemi kitu. Tangu matanga hasemi kitu, na ile iko mbaya zaidi. Baba mudogo amesema siku ya dot, mama ya bibi-harusi atakunywa ku kibuyu ya mama, mbele ya bantu yote, bamuone anameza. Kama hapana, batarudi na ng'ombe yabo."

"Na wewe?"

"Miye nitamuoa Carine ata ku etat civil, ku serikali, mama. Lakini atakaa wapi? Atapika na nani?"

Ni kijana mwenye akili. Nilimusindikiza mpaka barabarani. Niliporudi Carine alikuwa amesimama mulangoni, na alikuwa amesikia yote.

Jumamosi, 13 julai

Nimenunua. Nimekunywa. Mbili. Sitaipamba kwa maneno.

Jumapili, 14 julai

Sikuenda misa.

Alhamisi, 18 julai

Nilitaka kutokwenda. Mwamvua alinipigia, akasema kama sitakuja ataleta kikundi chote nyumbani kwangu, na vitambaa vyao. Nikaenda.

Nilisema mbele yao: nimekunywa. Rosette hakunigombeza. Alisema tu, tunaanza tena kutoka mwanzo. Hapo hasira yangu ikapata njia. Nikamwambia: mutoto yangu darasani akikosea hesabu ya division, simurudishi première primaire, darasa la kwanza. Anafuta, anaendelea palepale. Sianzi mwanzo. Mwanzo nilikuwa nakunywa kabla ya kuingia darasani, sitarudi kule hata kwa hesabu. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Aliuliza kama anaweza kutumia hayo maneno na vijana wa Luhwindja. Nikasema anaweza.

Jumapili, 21 julai

Tumegombana, mimi na Carine. Naandika vile ilikuwa, ili kesho nisijipendeze.

Alikuwa anakunja nguo. Akasema bila kuniangalia, "Mama, iko funda moja tu."

"Sina funda moja, Carine. Sijawahi kuwa nayo. Niko na ya kwanza, na zingine zote zinafuata."

"Siku moja. Nitalala pembeni yako usiku mzima, nitakufungia mulango."

"Na siku ya kesho yake?"

"Basi utabaambia nini?"

"Kweli."

Hapo akatupa nguo chini. "Hapana. Usifanye ile, mama. Heri baseme unabaogopa. Bataniita mutoto ya mulevi mupaka nizeeke. Nikichelewa kupika, watasema ni ya mama yake. Nikizaa mutoto mugonjwa, watasema ni ya mama yake. Weye utarudi Nyalukemba, miye nitabaki kule."

Nilimuchukia kwa muda kidogo. Naandika hivyo hivyo. Nilimuchukia juu alikuwa anasema ukweli, na juu nilimulea mimi mwenyewe ajue kusema. Huyu ndiye alikuwa ananitoa chupa mukononi wakati nimelala kwenye kiti, ananivua viatu, halafu anaenda kazini na macho mekundu akiuzia watu dawa ya usingizi. Hajaniomba kitu hata siku moja. Sasa ananiomba funda moja na kunyamaza, na siwezi kumupa hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Jumatano, 24 julai

Shemeji Apollinaire, ndugu ya marehemu bwana yangu, ndiye atasema kwa niaba ya familia yetu. Amekuja kunifundisha ujanja: weka mudomo kwenye murija, usivute, jifanye unameza. Yeye hajui kasiksi inavyonuka kwa mutu kama mimi. Na watakuwa wanaangalia koo yangu kuliko wanavyoangalia ng'ombe.

Alhamisi, 1 ogusti

Mwamvua alibaki kikundi kilipoisha, tukakunja vitambaa pamoja. Aliniambia kitu ambacho hakuwahi kusema mbele ya wengine. Dada zake wanajua. Wanamupulizia udi chumbani ili harufu isitoke, wanasema kwa wageni kwamba ana malaria. Hakuna anayemugombeza na hakuna anayemupeleka popote, juu kumupeleka ni kukubali.

"Mimi hakuna anayeninyoshea kibuyu," akasema. "Kwa hiyo hakuna siku nitakayopata ya kukikataa mbele ya watu. Wewe umepewa siku yako. Bibi yangu alikuwa anasema, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Bibi yako hakuwa na mutoto wa kuozesha kwa Bashi wa huku kwetu."

"Hakuwa naye." Akakunja kipande kingine. "Lakini hebu niambie, Emérence. Yule mama wa Kavumu, kilichomuuma ni nini? Kwamba hukunywa pombe, au kwamba hukunywa cha mkononi mwake?"

Nilitembea mpaka nyumbani, sikupanda moto.

Alhamisi, 8 ogusti

Kikundi. Maji hakuna, nimebeba bidon kutoka chini mpaka juu. Mugongo unauma.

Alhamisi, 15 ogusti

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa. Tuliimba mpaka sauti zikapasuka. Nilipopiga magoti nilimwambia Mama Maria wazi: kule Kana ulikuwa mugeni tu, uliona divai imeisha ukamuomba Mwana yako afanye ingine. Wamama wote wanakusifu kwa hiyo. Mimi naomba kinyume. Naomba maji yabaki maji, na ndoa isivunjike. Kama ya kwanza iliwezekana, hii haiwezi kuwa ngumu zaidi.

Nimesema vile. Sioni aibu.

Jumamosi, 17 ogusti

Yamepita. Nyumba imenyamaza, Carine iko chumbani kwake na mulango umefungwa. Nitaandika yote.

Walikuja na camionnette mbili, ng'ombe wakiwa wametangulia. Sisi chini ya turubai, ile bâche ya bleu, wao chini ya ile ya njano, uwanja katikati. Apollinaire alisema maneno yake, Barthélemy akajibu, walitupiana mafumbo, watu wakacheka, mbuzi zikaonwa, mahari ikapokelewa. Carine alikaa na kitambaa kichwani, mikono yake imekaza juu ya magoti. Rosette alikuwa amekaa nyuma kabisa kwa wageni, nilimukataza kusema chochote. Mwamvua pembeni yake.

Halafu Barthélemy akasimama na kibuyu. Hata watoto walinyamazishwa. Akasema, "Kinywa ya mama ya bibi-harusi ndiyo mulango ya hii ndoa. Tulisikia ule mulango uko na kufuli. Leo tunataka kuona." Akamupa Adélaïde kibuyu. Adélaïde alivuka uwanja polepole, amevaa bado kitambaa cha matanga. Akafika mbele yangu, akaonja, akameza, akaninyoshea. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka tu, kama mutu analipishwa mara ya pili.

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kimwalimu, yote yakakimbia.

"Sitakunywa," nikasema.

Upande wa njano ulinguruma. Apollinaire alivuta pagne yangu. Nikatoa mukono yake.

"Mungojee, mutanitukana nikimaliza. Siogopi kibuyu ya mama Gentil. Naogopa mimi mwenyewe. Mimi ni mulevi. Nimekunywa sapilo jikoni kwangu, nimekunywa kabla ya kuingia darasani, nimekunywa nikivaa robe ya kwaya. Wamama wa shirika muko hapa, munasikia vizuri. Kila Alhamisi naingia nyuma ya atelier ya couture kutafuta kupona, na sijui kushona hata kifungo."

Mutu alicheka nyuma, halafu akajikamata.

"Mwezi wa saba niliteleza, nikasimama. Nikivuta hiki kibuyu leo, mutashangilia, mutarudi Kavumu, na mimi nitabaki hapa kufa polepole bila karuho ya mutu yeyote. Sitafanya hivyo, hata kwa mutoto yangu. Na mutoto yangu alinikataza kusema haya, muandike hiyo. Yeye hana kosa. Kama munatafuta mama mwenye hana aibu, ng'ombe wale pale, muchukue."

Sikumuangalia Carine. Singeweza.

Barthélemy alifungua mudomo. Nilimuwahi, juu nilikuwa sijamaliza.

"Lakini mulisema namuona mama Gentil mulozi. Hiyo sitaacha ilale hapa. Mama Gentil, uko na maji?"

Aliniangalia. Kila mutu anayetoka njia ya Kavumu mwezi wa nane anabeba maji, juu ya vumbi. Akasema, "Niko nayo."

"Nipe. Ya kwako, kwa kikombe yako. Na usionje."

Sijui kama mutu wa mahali pengine ataelewa uwanja ule ulivyokuwa. Hakuna aliyewahi kusikia mutu anaomba hivyo. Shangazi yule muzee wa Kavumu alisimama ili aone. Adélaïde aliweka kibuyu chini, akatoa chupa kwenye sacoche yake ya mukononi, akamimina ndani ya kifuniko chake. Maji yalimwagikia vidole vyake. Halafu, bila kufikiri, kama sisi wote tunavyofanya tangu utoto, akapeleka kifuniko kinywani.

"Mama," nikasema. "Usionje."

Akasimama katikati. Akaninyoshea.

Nikanywa. Yalikuwa ya moto, yananuka plastiki. Nilikunywa polepole nikiinua kidevu, ili kila mutu aone koo, na nilipomaliza nikapindua kifuniko, tone likaanguka vumbini.

Mutu mumoja upande wao akasema, "Desturi ni pombe." Mwingine akasema ndiyo, ni pombe. Barthélemy alikuwa anatazama kibuyu chini, anatafuta neno. Ni Adélaïde aliyegeuka. Tangu matanga hakuwa amesema kitu, Gentil aliniambia, na sauti yake ilitoka na kutu.

"Desturi inasema mama anywe ya mukono yetu," akasema. "Mumeona amekunywa, ao hamukuona?"

Waliangaliana.

"Baba Barthélemy, miye nakuuliza. Umeona?"

"Nimeona," akasema Barthélemy.

"Basi sema."

Akainua mikono yote mbili, akasema kwa nguvu, "Mama amekunywa." Shangazi muzee ndiye alipiga kigelegele cha kwanza, chembamba, na wengine wakamufuata mumoja mumoja, si wote.

Jumapili, 18 ogusti

Mukubwa wa kwaya alinivuta pembeni kabla ya misa. Alisema kwa upole nipumuzike kidogo, mpaka watu wasahau. Nikamwambia sitaki wasahau, nimesumbuka sana kuwaambia. Nikavaa robe, nikasimama mahali pangu kwenye safu ya alto. Aliye kushoto alisogea, aliye kulia hakusogea. Tuliimba.

Jumanne, 20 ogusti

Siku tatu Carine ananipa chakula bila neno. Leo anaosha sahani, mugongo kwangu, akauliza, "Mama, ni kweli ulikunywa na robe ya kwaya?"

"Kweli."

"Siku gani?"

"Pasaka."

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilifikiri analia, nikasimama. Alikuwa anacheka, alicheka mpaka akakaa chini kwenye simenti na sabuni mikononi. Halafu akalia kweli, nikakaa naye. Alisema bado ananikasirikia. Nikamwambia ana haki, akasirike mpaka imalizike, mimi siendi popote.

Alhamisi, 29 ogusti

Tumeacha mulango wa nyuma. Tumepita wa mbele, mimi na Mwamvua, bila vitambaa. Yeye amefunika uso, lakini amepita wa mbele. Fundi wa atelier amelalamika kwamba amepoteza wanafunzi.

Jumatatu, 2 septemba

Shule imefunguliwa. Mzazi mumoja amemuhamisha mutoto wake kwa mwalimu mwingine. Mwingine amenishika mukono kwa nguvu, akaenda zake. Directeur anasema ataniangalia. Aniangalie. Watoto wangu ni wengi sana na nusu yao wamesahau table ya saba ya kuzidisha.

Jumamosi, 7 septemba

Mvua ya kwanza. Ilianza na upepo, halafu ikapiga mabati kama mutu anamwaga maharagwe, na vumbi lote la miezi mitatu likanuka mara moja. Nilikuwa naweka beseni nje nikaona mwanamke anapanda njia yetu na plastiki kichwani. Nilimujua kwa kutembea kwake.

Ni Adélaïde. Kutoka Kavumu, chini ya mvua, peke yake, na mufuko wa vitunguu. Nilimuingiza, nikamupa pagne kavu. Tuliongea juu ya watoto, ndoa ya kanisani itakuwa mwezi wa kumi na mbili. Tuliongea juu ya bei ya vitunguu. Nilipika chai ya maziwa, nikamimina, na nilipoinua kikombe chake kuonja, akashika mukono yangu.

"Acha," akasema. "Usionje."

Akachukua kikombe, akanywa nusu bila kupumuzika, ingawa ilikuwa inaunguza. Halafu akakishika kwa mikono yote mbili na kutazama mvua mulangoni. Mimi najua namna ile ya kukaa.

"Mama Carine," akasema. "Ile Alhamisi yenu. Inaanzaka saa ngapi?"

Hakusema anauliza kwa ajili ya nani, na sikumuuliza. Nilimwambia saa tisa, na kwamba sasa tunapita mulango wa mbele.